Hesabu ya Saa Kumi na Moja

Sisi wa Jumamosi tulimwita Fundi, na hapa atabaki Fundi. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na ukoo wake kule milimani unajulikana, lakini hayo waulizwe wanaotunza vitabu vya kanisa. Mimi nilimjua kwa miaka saba katika banda moja la bati nje kidogo ya Bigwa, na jambo la kwanza nililolijua juu yake ni kwamba ukishika bisbisi yake huendi nyumbani mpaka irudi mahali pake.

Banda lenyewe lilikuwa la shamba la mkonge. Shamba lilipotaifishwa, mwenyewe aliondoka akaacha mashine mbovu, madaftari yaliyoliwa na mchwa, na nyuma kabisa, chini ya maturubai yaliyooza, ndege ya kijeshi ya Waingereza, masalia ya vita kuu ya pili. Ilikuwa ndege ya watu wawili, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, mifupa yake ya mbao na ngozi yake ya kitambaa. Popo walikuwa wamezaa ndani ya tumbo lake. Kamati ya mtaa ikaamua banda liwe makumbusho, na ndege ile itengenezwe kwa nguvu za kujitolea. Mshahara haukuwepo, posho haikuwepo, uji ulikuwepo siku sukari ikipatikana. Miaka ile kujitolea lilikuwa neno la kila siku. Wengine walikuja kwa moyo, wengine walikuja ili waonekane wamekuja, na hao uliwajua kwa usafi wa mikono yao.

Mimi nilikuwa mshonaji katika kiwanda cha turubai, Mhaya niliyeletwa Morogoro na kazi. Waliniomba kwa sababu ndege ya kitambaa inahitaji mtu wa sindano. Siku ya kwanza nilimwamkia Fundi shikamoo, akaitika marahaba, kisha badala ya kuniuliza habari za kiwandani akanitazama mifukoni.

"Umebeba nini humo, mwanangu?"

"Leso, Fundi. Na ufunguo."

"Viweke dirishani. Humu ndani mfuko ni adui."

Nilidhani ananitania. Wiki iliyofuata alinipa ovaroli yake nimshonee mifuko yote ifungwe, na vifungo niving'oe niweke kamba za kufunga. Hakuvaa saa. Hakuweka penseli sikioni. Chochote kinachoweza kuanguka kutoka kwa mtu kikaingia kwenye ndege, yeye alikiogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka.

Ukutani alikuwa na ubao mkubwa alioupaka rangi nyeupe, na juu yake amechora kwa rangi nyeusi umbo la kila kifaa: nyundo, koleo, randa, patasi, bisbisi tatu, spana kumi na moja. Kifaa kikiwa kimetundikwa, umbo lake limefunikwa. Kikiwa hakipo, unaliona lile umbo jeusi linakukodolea macho. Saa kumi na moja jioni kazi ilisimama, hata kama msumari umeingia nusu. Fundi alisimama mbele ya ubao akaita kama mwalimu anavyoita mahudhurio.

"Nyundo kubwa!"

"Ipo!" tuliitika.

"Bisbisi nyembamba!"

"Ipo!"

Mwisho kabisa aliita spana ndogo kuliko zote, yenye urefu wa kidole cha kati, ile ya kukazia nyaya za ndani ya bawa. Tukiitika ipo, alisema, "Zimetimia," na ndipo tukaruhusiwa kunawa. Haikuwa furaha iliyokuwa usoni mwake akisema neno hilo. Kila Jumamosi alilisema kama mtu anayeonja chakula kilichowahi kumdhuru.

Nimeshaishi na mafundi wengi, na wengi wao ni watu wa maneno. Yeye alikuwa na misemo miwili mitatu, na aliitumia mpaka ikachakaa. "Mbao haisemi uongo," alisema akiigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio kama ina uozo. "Kilichopotea kipo mahali," alisema mtu akilalamika kapoteza kitu, na alilisema polepole sana, hata mwenye kupoteza akajikuta anatazama nyuma yake. Vifaa alivihesabu kila siku lakini watu alikataa kuwahesabu. Mama wa uji akiuliza ni vikombe vingapi, Fundi alimwambia atazame mwenyewe. Watu hawahesabiwi, alisema, ni kuwaitia balaa.

Tena alikuwa mtu wa ajabu kwa jambo hili: aliitengeneza ndege ile kama anamlea mgonjwa, na hakutaka ipone. Bawa la kwanza lilipokwisha, nikiwa nimelishona mshono wa kufuata mbavu zake za mbao, ubavu kwa ubavu, tukalipaka ile dawa ya kukaza kitambaa inayonuka kama rangi ya kucha, likakauka likalia kama ngoma ukiligusa. Sisi tukacheza. Fundi akatoka nje akasimama akitazama mawingu yanavyoshuka Uluguru. Nikamfuata.

"Hujafurahi, Fundi?"

"Nimefurahi. Ndege ni nzuri ikiwa chini."

Hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote. Wakati wa vita alikuwa fundi msaidizi katika karakana ya ndege za Waingereza, nchi za mbali, na kisa cha huko alikisimulia masika tu, mvua ikipiga bati mpaka kazi isiwezekane. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na hakikukamilika. Jioni moja spana ilipotea. Wakatafuta. Wakahesabu tena, zikatimia. Asubuhi ndege ikaruka, ikafika usawa wa mnara wa kanisa, ikageuka ikaja chini na rubani wake, kijana wa miaka ishirini na moja aliyekuwa akimpa Fundi sigara. Katika mabaki wakaiona spana imekwama kwenye nyaya za mkia.

"Lakini Fundi," niliwahi kumwuliza, "umesema zilitimia."

"Zilitimia," akasema. "Ndiyo maana."

Mimi nikaona ni uzee.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumchekesha, naye alikuwa dereva wa lori la kiwanda chetu, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye koti la mifuko sita. Fundi Mluguru, Dereva Mnyamwezi, hao ni watani tangu enzi za misafara, na utani wao ulikuwa kazi kamili. Dereva akiingia alisema kwamba Waluguru wana mguu mmoja mfupi kwa kuishi kwenye mteremko. Fundi alimjibu kwamba Wanyamwezi vichwa vyao ni bapa kwa kubeba mizigo ya watu mpaka pwani. Sheria ya mifuko Dereva aliikataa kabisa. "Mnyamwezi bila mfuko atabebea wapi?" alisema, na Fundi, ambaye angemfukuza diwani kwa kosa hilo, alimwacha.

Kwa wasiojua: mtani anaweza kuchukua kofia yako, kuku wako, hata jeneza akalikalia msibani mpaka apewe chochote, nawe huruhusiwi kununa. Ila kuna utaratibu wake. Akichukua kitu anaacha ujumbe, unakomboa, anarudisha. Dereva aliwahi kuondoka na kofia ya Fundi, akamwachia ujumbe mama wa uji, na Fundi akaikomboa kwa mkungu wa ndizi. Walicheka mwezi mzima.

Jumamosi ninayotaka kuisema ilikuwa mwaka wa vita ya Kagera. Kwetu kulikuwa kumevamiwa. Mama yangu alikuwa huko na sikuwa na habari zake. Redio ilisema ilichosema, na malori yaliyojaa vijana yalipita Morogoro mchana kutwa. Kamati ikapata wazo: ndege ikamilishwe haraka, siku ya mkutano wa kuchangia vita iruke juu ya mji, wananchi waone, wachange. Rubani walikuwa naye tayari, askari kijana aliyekuwa akija kutusaidia siku zake za mapumziko akitokea upande wa Ngerengere. Alikuwa mpole, mwenye mwanya, anayependa maandazi yangu kuliko mimi ninavyopenda kuyapika. Kilichobaki ni mimi kufunga bawa la mwisho, na Fundi kutia saini kwenye daftari kwamba ndege ni salama.

Alasiri hiyo Fundi alikaza nyaya za ndani, akaniachia bawa nilifunge. Aliweka spana ndogo juu ya meza akageuka kuchukua taa. Dereva akaidaka, akaitumbukiza kwenye koti, akanikonyeza. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

"Akimaliza kuhesabu, mwache atoke jasho kidogo," alininong'oneza. "Halafu mwambie mtani wake kaichukua. Aikomboe kwa jogoo."

"Jogoo mzima?"

"Mwenye mkia."

Hata nusu saa haikupita, akaja tarishi wa kiwandani kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Malori yote yanatakiwa, sasa hivi, yanakwenda Kagera. Dereva akaondoka mbio. Nikamkimbilia barabarani, nikaandika barua kwa mama yangu juu ya goti, mistari minne, nikampa. Akaitia kwenye mfuko wa koti, mfuko uleule. Sikuikumbuka spana. Niliikumbuka nikiwa nimesharudi bandani na Fundi yuko mbele ya ubao.

"Spana ndogo!"

Lile umbo jeusi lilikuwa pale, dogo, urefu wa kidole.

Ningesema palepale. Kinywa nilikifungua. Lakini Katibu wa kamati alikuwa ameingia na wageni wawili wenye mashati ya mikono mirefu, ambao hawakujitambulisha, na mmoja wao akasema hata kabla Fundi hajaita mara ya pili.

"Ndugu zangu, nchi iko vitani. Kifaa cha ndege ya jeshi kikipotea wakati wa vita, hiyo siyo bahati mbaya. Hiyo ni hujuma. Aliyekichukua atasema."

Nikafumba kinywa. Ningelitaja jina la mtu anayekwenda kwetu kufa, mwenye barua ya mama yangu kifuani? Nikajiambia nitamwambia Fundi kesho, tukiwa wawili. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa, na hofu ikishapata sababu nzuri haiondoki.

Fundi alituuliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu alisema, "Mtani wangu hakuacha ujumbe?"

Wale wageni walikuwa wananitazama.

"Hapana, Fundi."

Akatikisa kichwa. "Basi siye. Mtani hachukui kitu bila ujumbe." Akageuka akalitazama bawa nililotoka kulifunga. "Basi iko humo."

Jumapili nikitoka misa nilikwenda bandani. Bawa langu lilikuwa limepasuliwa. Fundi alikuwa ameingiza mkono mpaka begani, shavu lake limelala juu ya mbao, macho ameyafumba. Mgeni mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti akivuta sigara. Nikasema shikamoo, nikachukua sindano, nikaanza kushona.

Wiki tatu tulikaa hivyo. Alipasua, akapapasa, hakukuta kitu, nilishona, alipasua lingine. Akafungua mkia. Akafungua sakafu ya viti. Wanaojitolea wakaanza kupungua, maana hakuna anayependa kuonekana mahali penye wageni wa aina ile. Fundi akakonda. Katibu alimletea daftari kila siku na kila siku lilirudi bila saini.

"Ndugu Fundi, mkutano ni Jumamosi. Wakubwa wanauliza kwa nini hutaki ndege iruke. Nitawajibu nini mimi?"

"Wajibu hesabu haijatimia."

"Spana moja!"

"Moja inatosha."

Nikasikia mama wa uji akisema kwamba watamchukua Jumatatu, mzee wa watu. Ndipo nikafanya nilichofanya. Kwa fundi baiskeli wa sokoni nilipata spana iliyofanana na ile, nikaisugua kwa msasa, nikaipaka grisi kuukuu. Nilijua hakika kwamba ndani ya ndege hamna kitu. Nilijua rubani angeruka salama. Nilikuwa namwokoa Fundi, na Dereva, na mimi mwenyewe, wote kwa jiwe moja. Asubuhi ya mkutano nikapiga kelele kutoka chini ya meza, kwenye takataka za randa.

"Ipo! Fundi, imeonekana!"

Watu wakapiga makofi. Katibu akanikumbatia. Rubani kijana alikuwa ameshavaa, kofia yake ya ngozi mkononi, akanichekea kwa mwanya wake. Fundi akaja akaipokea spana. Aliiweka juu ya kiganja, akaipima uzito, akaigeuza. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa kama majivu.

"Nani kaiona?"

"Mimi, Fundi."

Akanitazama. Kisha akaenda kwenye ubao, akaitundika, umbo likafunikwa. Akaita vifaa vyote, kimoja kimoja, tukaitika. Akasema, "Zimetimia." Katibu akamnyooshea daftari na kalamu.

Fundi akaupita mkono wa Katibu. Akachukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia turubai, akauingiza kwenye ncha ya bawa la juu, akakata mpaka shinani. Kitambaa kile kilichokazwa kilipasuka kwa mlio ambao sijausahau. Akakata la chini. Walipomkamata alikuwa ameanza upande wa pili, na wanaume watatu walimvuta huku mkasi umo mkononi, naye hakupigana. Rubani alibaki amesimama na kofia yake. Wale wageni walimtoa nje, wakampandisha gari, na gari likaenda. Sikusema kitu. Hata wakati huo sikusema kitu.

Walimweka karibu miezi miwili. Hawakumshitaki, nadhani hata wao hawakujua waandike nini juu ya mtu aliyeharibu alichokitengeneza mwenyewe kwa miaka saba. Alipotoka hakupita bandani. Alipanda mlimani kwao akalima kabichi. Banda likafungwa, popo wakarudi.

Vita ikaisha. Barua ya mama yangu ikafika. Yu hai, aliipata mistari yangu minne, aliyempa ni Mnyamwezi mcheshi aliyemwomba maji ya kunywa. Lori la Dereva nalo likarudi, likiendeshwa na mwingine. Mke wa Dereva alikuja kutoka Tabora kuchukua vitu vyake, akafikia kwangu akisubiri treni ya kurudi. Akalitandaza kitandani lile koti lililorudi na lori, akapitisha mikono mfuko baada ya mfuko kama wajane wanavyofanya, na kwenye bitana akagusa kitu kigumu.

"Hii siyo ya lori," alisema. "Ni ya nani?"

Kesho yake alfajiri nilipanda mlima. Kutoka Bigwa ni mwendo wa saa tatu kwa miguu ya mtu wa mjini. Nilimkuta Fundi kwenye tuta la kabichi, mvi kichwa kizima, ovaroli ileile isiyo na mifuko. Ukutani mwa jiko lake alikuwa amechora kwa mkaa umbo la jembe, la mundu na la sufuria.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali."

Niliitoa spana nikamwekea mkononi. Hakuipima mara mbili.

"Ndiyo hii," akasema.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: koti, konyezo, ujumbe wa jogoo, wageni, soko. Sikulia, maana niliona sina haki ya kulia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mtani wangu yuko wapi?"

"Hakurudi."

Akakaa juu ya tuta. Alikaa mpaka wingu likashuka likafunika nyumba ya jirani. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya jiko, na nikasikia kuku wanatawanyika. Alirudi na jogoo mkubwa mwenye mkia, akamfunga miguu kwa ukanda wa kitambaa cheupe. Nilikijua kile kitambaa cha bawa. Ulikuwa mshono wangu.

"Mpelekee mkewe. Mwambie nimekomboa."

"Nitamwambia." Nikampokea jogoo. "Ile nyingine, Fundi, nilitaka kukuokoa."

"Najua," alisema. "Kule vitani, spana ilipopotea, zamu ilikuwa yangu. Ningefungwa. Usiku rafiki yangu akatafuta nyingine akaitundika ubaoni, nikahesabu, zikatimia. Aliniambia miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa. Alinipenda sana yule."

Mvua ilianza kudondoka juu ya kabichi. Nilimwuliza, na sauti yangu ilinitoka kama ya mtoto, "Na mimi nikomboe kwa nini, Fundi?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza kuliko hasira yoyote.

"Wewe na mimi hatuna utani, mwanangu," akasema, akaingia ndani kwake.

Nikamshika jogoo vizuri, nikashuka.